Picha zako tayari ni chicha: kwa nini zipu yabana orodha na kukataa picha

Waaleikum salaam dadangu wa Langoni, Lamu, na pole kwa kuondokewa na ami, Mungu amlaze pema. Ujumbe wako ulikuwa mrefu kwa hivyo naufupisha hapa ili na wengine wajue tunaongea nini. Ami ameacha kaseti 40 za maulidi na mawaidha, kila moja ya saa nzima, pande mbili. Ameacha pia madaftari ya tenzi aliyoyaandika kwa hati ya Kiarabu, wewe umeyapiga picha kwa simu ukurasa kwa ukurasa na picha zimefika GB 14. Halafu kuna video ya harusi, faili moja tu, GB 6. Umenunua flashi ya GB 32 uwapelekee jamaa wa Mombasa, kompyuta yenyewe yaisoma 29.8, ukaona heri uzipu kila kitu, yaani ukibane kwa programu ya zipu kichukue nafasi ndogo. Folda ya picha ikatoka GB 13.8, yaani hakuna ulichopata. Lakini ile orodha ya kaseti uliyoichapa kwenye Notepad ukiizipu yashuka mpaka yabaki kama sehemu moja ya kumi. Na sasa kuna kijana mtaani amekwambia ana programu ya kubana mzigo wote ukawa MB 500 bila kupoteza chochote, umlipe tu. Wauliza mbona zipu yafanya maajabu huku na kule yakwama, na je, umlipe.

Usimlipe. Hilo tumalize kwanza, sababu utaiona mbele.

Jibu fupi ni hili. Programu ya kubana inachofanya ni kutafuta vitu vinavyojirudia ndani ya faili, ama vinavyoweza kubashirika, na kuviandika kwa njia fupi. Ikivipata, faili yashuka. Isipovipata, haina la kufanya. Orodha yako ya Notepad ilikuwa bado nazi yenye tui lake, lakini picha zako ni chicha, simu ilishazikamua pale pale ulipobonyeza kitufe cha kamera, kwa hivyo ukizitia kwenye zipu wakamua chicha. Basi. Ila wewe una vitu vya aina nne tofauti, maandishi, picha, sauti na video, na kila kimoja kina tui lake mahali pake, ndo maana jibu linakuwa refu.

Tuanze na maandishi manake ndo rahisi. Kompyuta haijui herufi, yajua biti tu, 0 na 1. Biti 8 ni baiti moja, na baiti moja yaweza kuwa kitu kimoja kati ya 256. Wamarekani wakakubaliana miaka ya 1960 kwenye mpango unaoitwa ASCII, namba hii ni herufi hii, a ndogo ni 97, b ni 98, na kuendelea, alama 128 kwa jumla. Kiswahili cha herufi za Kilatini chaingia chote humo, hatuna vikofia wala nukta za juu kama Wafaransa, kwa hivyo ukiandika "kaseti" ni baiti 6 kamili. Hati ya Kiarabu haimo. Ilibidi ije Unicode mwaka 1991 iipe kila herufi ya dunia namba yake, halafu mwaka 1992 Ken Thompson na Rob Pike wakatengeneza UTF-8, ambayo ndo karibu intaneti yote yaitumia leo. Ndani ya UTF-8 herufi ya Kilatini ni baiti 1, ya Kiarabu ni 2, ya Kichina kwa kawaida 3, na vile vikatuni vya kucheka na kulia ni 4.

Nakwambia haya kwa sababu ulisema ulijaribu kuuchapa utenzi mmoja wa ami kwa hati yenyewe na ulipoufungua kwenye kompyuta ya zamani ya kaka yako ukaona vidudu. Neno سلام lina herufi 4, kwa hivyo ni baiti 8. Ile kompyuta haikuambiwa kama hii ni UTF-8, ikaisoma kila baiti kama herufi yake ya kizungu, ndo ukaona Ø³Ù„Ø§Ù… vitu 8 vya ajabu. Faili haijaharibika! Usiifute na usiisevu ikiwa vile. Ifungue kwa programu inayokubali kuchagua UTF-8 na kila kitu kitarudi mahali pake. Na ni habari hiyo hiyo kwenye SMS, ujumbe mmoja una baiti 140, herufi za kawaida zinabanwa kwa biti 7 kila moja ndo unapata 160, lakini ukitia herufi moja tu ya Kiarabu ama kikatuni kimoja ujumbe wote wageuka wa biti 16 kwa kila herufi, na nafasi yashuka hadi 70. Wangapi wameandikiana salamu za Idi wakakatwa pesa ya SMS mbili bila kujua kwa nini.

Namba nitapita haraka. Kompyuta yaweka namba tofauti na maandishi, ndo maana ukiandika namba za simu za jamaa kwenye Excel ile 0 ya mwanzo yapotea, imedhani wataka kujumlisha na 0 ya mbele kwenye hesabu haina kazi. Mwambie safu hiyo ni maandishi kabla hujaanza kuandika. Tuendelee.

Sasa kwa nini orodha yako ilishuka vile. Uliniandikia mistari yake miwili, hii hapa:

Kaseti ya maulidi, Lamu, upande A
Kaseti ya maulidi, Lamu, upande B

Mstari wa kwanza una herufi 33 ukihesabu na nafasi na mikato. Zipu yauandika kama ulivyo, hakuna njia, manake ndo mara ya kwanza kuuona. Ikifika mstari wa pili yageuka nyuma kutazama na kukuta vitu hivi hivi vimeshapita, basi badala ya kuandika tena yaweka amri fupi tu: rudi nyuma hatua 34, nakili herufi 32, halafu andika B. Hatua ni 34 kwa sababu kuna alama ya kushuka mstari hapo katikati nayo nimeihesabu moja. Herufi 32 zimekuwa amri moja ndogo. Na orodha yako ina mistari 80 ya namna hiyo, kaseti 40 pande mbili, sasa utashangaa nini ikishuka mpaka sehemu moja ya kumi? Ujanja huu ni wa wawili walioitwa Abraham Lempel na Jacob Ziv, wa mwaka 1977, na mpaka leo waitwa LZ77 kwa majina yao. Zipu ya kawaida yatazama nyuma kilobaiti 32 tu, kitu kilichopita kabla ya hapo imeshakisahau, kwa hivyo ukiwa na faili mbili kubwa zinazofanana moja mwanzo wa folda na nyengine mwisho, zipu haitajua kama ni pacha.

Halafu kuna hatua ya pili juu ya hiyo. Kwa nini kila herufi ilipwe biti 8 sawa wakati Kiswahili chetu kimejaa a kila mahali na x hatuna? David Huffman alikuwa mwanafunzi wa chuo cha MIT kule Marekani, mwalimu wake Robert Fano akawapa darasa wachague, mtihani ama waandike kazi, Huffman akachagua kazi ili aukwepe mtihani na akatoka na njia bora kuliko ya mwalimu wake, ikachapishwa 1952. Herufi inayotokea sana yapewa kodi fupi, ya nadra yapewa ndefu (kodi hapa ni alama ya biti inayosimama badala ya herufi, si ile ya kulipa). Hebu chukua neno "katakata". Kwa ASCII ni herufi 8 mara biti 8, jumla 64. Lakini ndani yake kuna a nne, k mbili na t mbili basi. Tuseme a ni 0, k ni 10, t ni 11. Neno lote lawa 100110100110, biti 12. Jaribu kulisoma kutoka kushoto utaona huwezi kuchanganyikiwa: ukikutana na 0 ni a, ukikutana na 1 ngoja ya pili ndo uamue k ama t. Hakuna kodi iliyo mwanzo wa kodi nyengine, hapo ndo utamu ulipo. (Kweli, lazima pia uweke jedwali la kodi ndani ya faili ili mwenye kufungua aijue, kwa hivyo neno moja pekee halina faida, lakini daftari zima lina.)

Zipu ni hivyo viwili tu vimeunganishwa, kutazama nyuma na kodi za urefu tofauti. Phil Katz ndo aliyetuletea faili za zip mwaka 1989. Na ukifungua wapata kila baiti kama ilivyokuwa, hakuna hata nukta iliyopotea. Shika hilo neno, hakuna kilichopotea, tutalihitaji.

Sasa kijana wako. Kuna hesabu ndogo inayowamaliza watu hawa wote na huhitaji digrii. Chukua faili za biti 3. Zote kwa jumla ziko 8, kuanzia 000 mpaka 111. Faili fupi kuliko hizo ziko ngapi? Za biti 2 ni 4, za biti 1 ni 2, na ile tupu isiyo na kitu ni 1. Jumla 7. Ukitaka kila moja katika zile 8 ipungue, lazima mbili zigawane kifupisho kimoja, na siku ya kufungua kompyuta haitajua irudishe ipi kati ya hizo mbili. Na hesabu ni ile ile kwa biti 3 ama kwa GB 20. Programu inayobana kila kitu bila kupoteza haipo na haitakuwepo, si suala la teknolojia kukua. Claude Shannon wa maabara ya Bell Labs alishaionyesha mipaka hii mwaka 1948: kila habari ina kiasi chake ambacho chini ya hapo haibaniki mpaka ukubali kupoteza. Tena fanya hesabu ya huyo kijana mwenyewe. Saa 40 za kaseti ni sekunde 144,000, ukizigawia MB 500 kila sekunde yapata kama baiti 3,500, na hapo picha na video bado hazijapata hata baiti moja. Atakachofanya ni kukushushia kila kitu ubora na kukwambia tazama, imeingia. Utakuja kujua kurasa hazisomeki wakati simu umeshafuta.

Na zile faili za mtandaoni zinazofunguka kutoka kitu kidogo kuwa mlima zisikubabaishe. Kuna moja maarufu ya kilobaiti 42 ambayo ukiifungua mpaka ndani yafika petabaiti 4.5, yaani GB milioni 4.5, lakini humo ndani ni kitu kimoja kinachojirudia, imetengenezwa makusudi kuangusha kompyuta. Haina tenzi za mtu.

Twende kwenye picha, hapa ndo penye kazi. Picha ya simu ya megapikseli 12 ni nukta 4000 kwa 3000, milioni 12, kila nukta ina baiti 3, ya nyekundu, ya kijani na ya buluu. Jumla baiti milioni 36, MB 36 kwa ukurasa mmoja! Na wewe ukitazama faili yako waona 3 ama 4. Nani aliyezitoa zile nyengine? JPEG, iliyokubaliwa mwaka 1992, na simu yaifanya kabla hujashusha mkono.

Inafanya hivi. Kwanza yatenga mwanga na rangi, manake jicho la binadamu laona mabadiliko ya mwanga vizuri sana lakini kwa rangi ni zembe. Basi mwanga waachwa kama ulivyo na rangi yapunguzwa, nukta 4 zinagawana rangi moja. Kwa nukta 4 ulikuwa na namba 12, sasa una 6, nusu ya picha imeenda na hujaona tofauti. Halafu yakata picha vipande vya nukta 8 kwa 8, na kila kipande badala ya kusema nukta hii ni kadhaa na hii ni kadhaa, yasema kipande hiki kwa wastani kina mwanga huu, kinabadilika polepole hivi, na kina vijimabadiliko vya haraka kiasi hiki. Hesabu hiyo ilitolewa mwaka 1974 na Nasir Ahmed, mzaliwa wa Bangalore kule India, na wenzake wawili. Na faida yake ni kwamba sehemu kubwa ya picha za kawaida, ukuta wa chokaa, mbingu, uso wa mtu, hubadilika polepole, kwa hivyo vile vijimabadiliko vya haraka ni vidogo mno. JPEG yavigawanya na kuvikaribisha kwenye namba nzima, vingi vyawa 0, na 0 nyingi zikifuatana kuandika kwake ni rahisi. Mwisho kabisa yatumia nini? Kodi za Huffman. Zile zile. Kwa hivyo ukiipeleka JPEG kwenye zipu wailetea kazi iliyokwisha fanywa, yatazama nyuma na haioni cha kunakili, na ile GB 0.2 uliyoipata ni vichwa vya faili vinavyofanana na vitu vidogo vidogo. MP3 na video ni hivyo hivyo. Na wengi hawajui kama hata faili ya docx ama xlsx ni zipu ndani yake, nakili moja ubadilishe mwisho wake iwe .zip uifungue utaona, ndo maana nazo hazishuki.

Lakini umeona kilichotokea? Zipu haipotezi. JPEG yapoteza, na ikishapoteza haipatikani tena. Kwa picha ya harusi haina shida. Kwa mswada wa ami ina shida, tena kubwa, kwa sababu wino mweusi juu ya karatasi ni kinyume kabisa cha mbingu, ni mabadiliko ya haraka kila mahali, na hayo ndo JPEG inayoyatupa kwanza. Ukikuza ukurasa utaona kama vumbi limezunguka herufi. Na hati ya Kiarabu ina jambo ambalo Kilatini haina kwa kiasi hicho, ب na ت na ث zatofautiana kwa nukta tu. Nukta moja ya wino uliochakaa ikimezwa na kipande cha 8 kwa 8 neno limekuwa jengine na hakuna atakayekwambia.

Kuna kisa cha kweli cha mwaka 2013 kinachonitisha kila nikiona mtu anaskani karatasi za maana. Mjerumani mmoja, David Kriesel, aligundua kuwa mashine fulani za Xerox zilikuwa zikiskani karatasi na kubadilisha namba, 6 yatoka 8, kwenye ramani za nyumba vipimo vya vyumba vikawa vyengine. Mashine haikuwa na kiwi cha macho. Ilikuwa yatumia njia ya kubana inayoitwa JBIG2, inayotafuta maumbo yanayofanana kwenye ukurasa na kuyaweka mara moja tu, kama LZ77, ila hii yakubali maumbo "karibu sawa". Ikaona 6 na 8 zafanana kiasi cha kutosha, ikabandika moja mahali pa nyengine, safi kabisa, bila ukungu wala chochote cha kukushtua. Mimi naogopa zaidi hiyo kuliko picha mbaya. Picha mbaya yajisema yenyewe.

Kwa hivyo picha zako za miswada fanya hivi. Zile ulizonazo ziache kama simu ilivyozitoa, usizifungue kwenye programu ya kurembesha ukasevu tena kama JPEG, kila kusevu ni kukamua tena na kila mara chaenda kitu. Usizigeuze PNG ukidhani zitapata uhai, PNG haipotezi ni kweli, lakini itahifadhi kwa uaminifu mkubwa yale yale yaliyoharibika, na faili itavimba bure. Ukipata nafasi ya kurudia kurasa zilizofifia, kama simu yako ina RAW, yaani picha mbichi isiyokamuliwa, tumia hiyo, ama tafuta skana utoe TIFF ama PNG, aina za picha zisizopoteza, tangu mwanzo. Miswada ya Msikiti wa Riyadha hapo kwenu ilishapigwa picha kwa mradi wa maktaba ya taifa ya Uingereza na imewekwa mtandaoni, itazame uone ukurasa uliopigwa kwa utaratibu unavyokaa. Na ukimtumia mtu ukurasa kwa WhatsApp usiutume kama picha, WhatsApp yapunguza nukta na kubana upya ili ikuokolee bando, utume kama dokumenti, hapo yafika kama ulivyo.

Kaseti sasa. Sauti ni mtikisiko wa hewa, kompyuta yaupima mara nyingi kwa sekunde na kuandika kila kipimo. CD ilichagua vipimo 44,100 kwa sekunde kwa sababu sikio lafika kama mitikisiko 20,000 na lazima upime zaidi ya mara mbili yake, na kila kipimo ni biti 16, yaani ngazi 65,536. Hiyo ni baiti 88,200 kwa sekunde kwa mkondo mmoja, kwa stereo ni mara mbili. Kaseti za mawaidha zilizorekodiwa kwa maiki moja msikitini ni mkondo mmoja tu hata kama redio ina spika mbili, kwa hivyo rekodi mono, usilipe mara mbili kwa sauti ile ile. Kaseti ya saa moja ikiwa WAV, yaani sauti mbichi isiyobanwa, ya mono yawa kama MB 318. Arubaini ni kama GB 11.8 kwa hesabu ya Windows.

Ukizipu WAV utapata kidogo sana, manake vipimo vya sauti havijirudii herufi kwa herufi hata kama mtu asema neno lile lile mara mbili. Lakini vinabashirika. Sauti haipigi mruko ghafla, ukijua vipimo vichache vilivyopita waweza kukisia kinachofuata, na FLAC ndo yafanya hivyo: yakisia, halafu yaandika tofauti tu kati ya kisio na ukweli, namba ndogo ndogo. Haipotezi chochote kama zipu. Kwa rekodi safi yaweza kushuka hadi kama nusu. Kwa kaseti zako usitegemee hivyo, kwa sababu ya ule mvumo wa kanda, shhhhh, ambao ni bahati nasibu tupu na haukisiki na mtu yeyote. FLAC yauhifadhi kwa uaminifu mvumo wote na yalipia. Tuseme theluthi mbili, GB 8 hivi. Na usiusafishe mvumo kabla ya kuhifadhi! Watu wengi wafanya hivyo, waondoa mvumo na pumzi ya msomaji yaenda nao. Hifadhi kwanza, safisha nakala.

MP3 ni habari nyengine, yenyewe yatumia udhaifu wa sikio. Twari likipigwa kwa nguvu, sauti ndogo iliyo karibu nalo kwa wakati na kwa mlio huisikii kabisa, basi MP3 haihangaiki kuiandika. Kwa kilobiti 128 kwa sekunde saa moja ni kama MB 58, kaseti zote 40 ni GB 2.3. Kwa jamaa kusikiliza kwenye gari yatosha sana. Kwa nakala ya kuweka, hapana, tena ukija kutaka kuisafisha MP3 baadaye utasikia milio kama ya chini ya maji, ni mashimo ya zile sauti zilizotupwa.

Video sitaikalia sana. Picha ya 1920 kwa 1080 ikiwa mbichi ni MB 6.2, mara 25 kwa sekunde, dakika moja tu yapita GB 9. Faili yako ya harusi nzima ni GB 6, kwa hivyo imeshabanwa sana. Ujanja wake mkubwa ni kwamba picha kamili huwekwa mara moja moja, na kati yake yaandikwa mabadiliko tu, kipande hiki kimesogea kushoto nukta 3, hiki hakijabadilika. Bi harusi amekaa kwenye jukwaa na maua nyuma yake, kazi ni rahisi. Lakini rekodi mashindano ya mashua pale mbele ya mji utaona maji yamekuwa viboksi viboksi, kwa sababu bahari yabadilika yote kila picha na programu haina cha kunakili. Ya harusi usiiguse. Kuibana tena ni kupoteza tu.

Haya, hesabu ya flashi. Hujaibiwa. Mwenye kuiuza ahesabu GB moja ni baiti bilioni moja, Windows yahesabu 1,073,741,824, kwa hivyo bilioni 32 zake kwa kipimo cha Windows ni 29.8. Picha 14, video 6, kaseti zikiwa WAV 11.8, jumla 31.8, haiingii. Kaseti zikiwa FLAC 8, jumla 28. Yaingia, bila zipu, bila kijana, na hujapoteza hata nukta. Tia na ile orodha, hiyo hata usiizipu, ni kilobaiti chache tu na jamaa wataka kuifungua haraka.

Kizuizi kimoja kitakukuta. Flashi nyingi za GB 32 zaja na mfumo wa FAT32, na huo hauchukui faili moja inayofika GB 4, hata kama flashi iko tupu. Video ya harusi itakataa na kompyuta itakwambia faili ni kubwa mno, na utadhani nimekudanganya. Bonyeza flashi kwa kitufe cha kulia, fomati, chagua exFAT. Kufomati kwafuta kila kilichomo, kwa hivyo kama ushaanza kutia picha humo zitoe kwanza. Na kabla haijapanda mashua kwenda Mokowe huko bara, tia nakala ya pili kwenye hadi diski ama kompyuta ya mtu unayemuamini, flashi yashika data kwa chaji ndogo za umeme ndani ya chipu na ikikaa miaka kwenye droo bila kuchomekwa hizo chaji huvuja. Ukikwama kwenye FLAC niandikie, taja na redio unayotumia ina tundu la namna gani, manake waya ndo huwa balaa kuliko programu.